Kihisi Kilichomwona Kulwa

Sina desturi ya kusimulia mambo ya mizimu. Nimesomea ulinzi wa misitu, na nilihitimu nikiamini kwamba kila kilichomo msituni kinaweza kupimwa. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa bado juu ya miti, na mikono inayoyaandika ingali na makovu yake. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Mradi wetu ulifunga vihisi kwenye miti ya miombo upande wa Ipole. Ni vikasha vidogo vinavyopima joto na moshi, kisha hutuma taarifa bila waya hadi ofisini kwetu Tabora mjini. Moto ukianza, king'ora hulia ofisini, na kingine hulia kambini kwa warina asali, wapate kukimbia mapema. Ni kitu kizuri, niamini. Hata leo siwezi kusema kwamba ni kibaya.

Tatizo lilikuwa sharti. Warina asali wa kule huchoma nyasi kuzunguka kambi zao mwanzoni mwa kiangazi, zingali na ubichi, ili moto mkubwa ukija baadaye usikute cha kula. Moshi huo ungevivuruga vihisi. Basi mratibu wetu akawakusanya, akawaambia, "Mwaka huu msichome. Mashine itawalinda." Wakapiga makofi.

Kulwa hakupiga. Huyu alikuwa mrina asali mwenye fulana ya kijani iliyochanika begani na mdomo usiojua kupumzika. "Mashine yenyewe ina mikono ya kubeba ndoo ya maji?" aliuliza, watu wakacheka, na mkutano ukafungwa.

Mwezi wa tisa, kihisi kimoja kikaanza kupiga kelele kila jioni. Kilikuwa kimefungwa kwenye mti wa mninga kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wakielekea Ujiji. Kila tulipokagua hatukukuta moto wala majivu. Mratibu akasema kifaa ni kibovu. Mimi nikatumwa kwenda kukitazama.

Nilifika jioni kwa pikipiki. Nilikuwa nimeinua shingo nikikikagua pale mtini, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa Kulwa, na mzinga wa gome kichwani, ameinama kama mtu aliyetembea tangu alfajiri. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi.

"Shikamoo, kaka Kulwa."

Hakuitikia. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana Kulwa hakuwahi kuacha salamu ipite bila mzaha.

"Nitue, mdogo wangu," alisema. "Shingo imekufa."

Ungefanya nini wewe? Huku kwetu, aliyebeba mzigo akikuomba umtue, humwulizi maswali. Nikaupokea. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni, na juu yetu taa nyekundu ya kihisi ikaanza kuwaka na kuzima.

"Kaka, mzinga huu umetoka motoni?"

"Hata mimi," akajibu.

Nikainama kuuweka chini. Nilipoinuka, hapakuwa na mtu njiani, na miguuni pangu hapakuwa na mzinga. Palikuwa na majivu, nayo yalikuwa bado yana joto. Viganja vyangu vilikuwa vimeiva.

Niliendesha hadi kambini. Kulwa alikuwa peke yake, wenzake wamepeleka asali kijijini. Alikuwa anasonga ugali, uso safi, fulana ileile.

"Bwana Mitambo! Umekuja kula, au kupima moshi wa ugali wangu?"

Nikamsimulia yote. Aliniangalia viganja, mwiko ukiwa hewani.

"Kwa hiyo umenibebea mzigo wangu, na hata asante sikukupa," alisema. Safari hii hakucheka. "Mimi sijatoka hapa tangu mchana."

"Twende, kaka. Panda pikipiki tuondoke sasa hivi."

"Nina mizinga juu ya miti, imejaa. Wenzangu wakirudi kesho jioni, tutahama wote. Wewe hakikisha ile mashine yenu inalia. Si ndiyo mliyotupa badala ya kiberiti?"

Nikampigia mratibu palepale.

"Kile kihisi nimekinyamazisha, king'ora cha hapa na cha kambini," alisema. "Kinatutia aibu kwa wafadhili."

"Kifungue, mkuu. Kinaona kitu."

"Kinaona nini?"

Nikamwambia ukweli, maana nililelewa na kusomeshwa kuusema. Alicheka mpaka akakohoa. "Chuo ndicho kilichokufundisha hayo? Rudi mjini upumzike."

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake nimefungwa bandeji, nikimsihi. Mchana upepo ulivuma kutoka mashariki. Tulikuwa bado tunabishana simu ilipoita kutoka Ipole: moto ulikuwa umepita.

Kulwa alikutwa chini ya ule mninga, kwenye njia ya misafara, amepiga magoti. Kichwani alikuwa na mzinga, au kilichobaki cha mzinga. Hakupata mtu wa kumtua.

Je, unajua kilichofuata? Tulipofungua kumbukumbu za kihisi, tulikuta kiliuona moto tangu ulipoanza, kikatuma taarifa tena na tena, hadi kilipoungua. Mratibu aliichapa grafu hiyo kwa rangi, akawaonyesha wafadhili. "Mfumo uligundua mapema," akawaambia. Hakusema uongo. Walimpigia makofi.

Niliacha kazi. Viganja vyangu vilipona, lakini kila kiangazi, jioni, hupata joto tena, na shingo yangu huniuma kama ya mtu aliyebeba. Daktari haoni kitu.

Basi wewe unayesoma, ukiahidiwa mashine ya kukulinda, uliza nani ameshika kitufe cha kuinyamazisha, na usikubali kusalimisha kiberiti chako kabla hujajibiwa. Na ukipita njia ile upande wa Ipole, ukakutana na mtu mwenye fulana ya kijani akiomba umtue, mtue. Utaungua, sikufichi. Ila usipoteze muda kupiga simu ofisini.