Rimoti ya Mwalimu Philomena

Ukimwita Mihayo Ngassa fundi magari, atakusahihisha hapo hapo. "Mimi ni fundi redio," husema, na mbele yake mezani zimelala funguo za magari saba au nane zilizopasuliwa matumbo. Kibanda chake kiko mjini Bariadi, nyuma ya stendi ya zamani. Ni chumba kimoja cha bati chenye harufu ya risasi ya kulehemia iliyoyeyushwa, na wateja wake wengi ni madereva wa ofisi ambao wakati Mihayo anaanza ufundi walikuwa hawajazaliwa.

Alianzia kijijini Kasoli, katikati ya miaka ya themanini, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja. Wakati huo pamba ikishauzwa vizuri, mtu alinunua baiskeli, au redio, au vyote viwili, na nyumba yenye redio ilijaa majirani kila jioni. Watu walitaka kusikia mpira, salamu, na matangazo ya vifo. Redio ikinyamaza, nyumba ilipooza. Betri zilianikwa juani kama mihogo ili zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Mihayo alizijua redio za kijiji kizima jinsi mchungaji anavyojua ng'ombe wake: hii inakoroma, hii inataka kupigwa kibao kidogo ubavuni, hii mwenyewe kaiangusha kisha anasingizia radi.

Baadaye simu zikaja, zikazimeza redio zote. Mihayo akafunga meza yake, akalima pamba na dengu kwa miaka mingi, na vyombo vyake akavitia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Aliamini habari ya ufundi imekwisha. Lakini Simiyu ilipofanywa mkoa, magari ya ofisi yakajaa Bariadi, na siku moja dereva mmoja aitwaye Fredrick, aliyepanga jirani na nyumba ya shemeji yake Mihayo, akamletea rimoti ya gari iliyokufa. "Mzee, wanasema zamani ulikuwa fundi. Hebu itazame hii." Mihayo akaifungua kwa ncha ya kisu, akavaa miwani, akatazama, kisha akacheka peke yake. Kumbe ndani mle mlikuwa na redio! Ndogo kama mbegu ya boga, lakini redio kamili: huku inatuma mawimbi, kule garini kuna mwenzake anayepokea. Jioni ile ile akalivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda.

Sasa, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, asubuhi baada ya mvua, gari dogo la kijivu likasimama mbele ya kibanda. Akashuka mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba.

"Mwangaluka, baba," akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," Mihayo akamwitikia mama yule. "Karibu kiti."

Mama hakukaa. Alianza kueleza tatizo akiwa amesimama. Alikuwa ametoka Lamadi alfajiri. Rimoti yake siku nyingine inafanya kazi, siku nyingine haifanyi. Ikifanya, mlango wa dereva unafunga lakini mingine mitatu inabaki wazi. Wiki iliyopita milango ya nyuma ilikataa kabisa kufunguka, akalazimika kupitishia matenga ya samaki mlango wa mbele, shati likachafuka. Fundi wa kwanza alibadilisha betri mara mbili. Wa pili akamwambia aagize rimoti mpya kutoka Dar, na ikiwezekana na kompyuta ya gari pia.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi nimefundisha miaka thelathini na minne. Mwanafunzi akikosa hesabu, sibadilishi mwanafunzi. Natafuta alipokosea."

Mkono wa Mihayo ulikuwa umeshaifikia rimoti, lakini ukasita. Ile sauti, ile namna ya kuliburuza neno la mwisho kama mtu anayesoma imla! Alimtazama usoni haraka, akainamisha macho.

"Kwenu hasa ni Lamadi?"

"Nimeolewa huko. Kwetu Kasoli. Kwa mzee Mabula, aliyekuwa karani wa pamba. Huenda ulimsikia."

"Nilimsikia," Mihayo akajibu.

Mama yule hakumtambua. Angemtambuaje? Yule kijana wa Kasoli alikuwa na nywele kichwani na meno yote kinywani. Mihayo akapiga moyo konde, akaigeukia kazi.

Aliipasua rimoti. Betri ilikuwa mpya, haina tatizo. Ila alipokikandamiza kwa ukucha kile kibati kinachoishikilia, kikachezacheza. Risasi yake ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele, bila shaka kwa kuangushwa. Ndiyo sababu leo inakubali, kesho inagoma. Akakigusa kwa chuma cha moto, moshi mdogo ukapanda, kibati kikatulia. Akajaribu kwenye kipimo chake: mawimbi yanatoka, safi.

Harufu ya moshi ule ikamrudisha kwenye ile redio ya mzee Mabula, kubwa, yenye mkono wa kubebea na kitambaa kilichofumwa cha kuifunikia. Mzee aliituma na binti yake, Philomena, aliyekuwa amemaliza shule mwaka ule. Ubovu wake ulikuwa waya mmoja tu wa spika uliochomoka. Mihayo aliumaliza kabla binti hajafika kwao. Kesho yake Philomena alipoifuata, Mihayo akasikia mdomo wake unasema, "Bado, dada. Njoo kesho." Akaja kesho. Akaambiwa spea inatoka Mwanza. Akaja tena. Kila siku alikaa kwenye benchi robo saa, akisimulia vitabu alivyosoma, naye Mihayo akijifanya anapima nyaya ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Siku ya tisa mzee Mabula alikuja mwenyewe. Wiki mbili baadaye Philomena akapanda lori la marobota ya pamba, akaenda chuo cha ualimu. Hakukuwa na barua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametamka neno la kuandikiwa barua.

"Imepona?" Mwalimu Philomena akauliza.

Wakaenda garini. Akabonyeza. Mlango wa dereva, tap! Mitatu mingine, kimya.

"Ugonjwa ni miwili, mayu. Wa rimoti tumeutoa. Huu mwingine ni wa gari."

Alikagua fyuzi, zilikuwa nzima. Akakaa kiti cha dereva na kubonyeza swichi ya kufungia milango yote, ile iliyo mlangoni pa dereva. Kimya. Akaufungua mlango nusu, akabonyeza tena, na milango mitatu ikajifunga yote kwa pamoja. Akaurudisha mlango: kimya. Akaufungua: ikajibu. Akatabasamu. Alijua ugonjwa ulipo.

"Njoo uone," akamwita. Akauvuta ule mpira mweusi wenye mikunjo, unaopitisha nyaya kutoka mwilini mwa gari kuingia mlangoni. "Kila ukifungua na kufunga, nyaya hizi zinajikunja. Miaka kumi na tano ya kujikunja! Umo mmoja uliokatikia ndani. Nje gamba ni zima, huwezi kuuona. Mlango ukiwa wazi ncha zinagusana, ukiufunga zinaachana. Rimoti mpya isingeponya hili. Wala kompyuta."

Ilikuwa bado saa nne. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nusu saa. Na hapo, Mungu ndiye shahidi, maneno yale ya zamani yakapanda mpaka kwenye ncha ya ulimi wake: *Liache gari, mayu. Njoo kesho.* Alikaa ameshika ule mpira, mzee wa miaka sitini mwenye mke na wajukuu. Halikuwa jambo baya alilolitaka. Alitaka tu ile robo saa ya kwenye benchi.

Akayameza maneno yale. Akaukata waya mbovu, akaunga kipande kipya kirefu kidogo ili usivutike tena, akalehemu, akavisha ngozi ya plastiki, akaurudisha mpira mahali pake. Mwalimu akafunga mlango, akasimama umbali wa hatua kumi, akabonyeza. Milango minne ikajibu mara moja, na taa zikakonyeza. Akabonyeza tena na tena, akicheka.

Ndipo Mihayo akasema, akifuta mikono kwa tambara, "Mwalimu, nina deni la maneno. Ile redio ya baba yako, mwaka themanini na sita. Ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza."

Philomena akavaa miwani yake. Akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia kipara hadi viatu.

"Mihayo?"

"Ndiye mimi."

"Mihayo, wewe!" Akaketi kwenye kile kiti alichokikataa alipofika. "Kwani ulidhani sijui? Nilikuwa naisikia inaimba tangu njia panda. Nikikaribia, unaizima."

"Ulijua? Na ukaja siku zote tisa?"

"Siku nane. Ya tisa alikuja baba, mimi nikabaki nyumbani. Nililia siku ile." Alilisema bila aibu, kama mtu anayetaja mvua ya mwaka fulani. Kisha akaulizia jamaa wa Kasoli, nani yupo, nani ametangulia. Akaeleza kuhusu mumewe, mzee Anatoli, ambaye miguu inamsumbua lakini ana moyo wa furaha, na kuhusu biashara ya samaki aliyoianza baada ya kustaafu. Mihayo akamweleza kuhusu mkewe Scola. Walikaa zaidi ya robo saa, hata wateja wawili wakaja, wakaambiwa wasubiri.

"Wabeja, baba," akashukuru alipoinuka, na gari likaondoka kuelekea barabara ya Lamadi.

Wiki tatu baadaye, kondakta wa basi alileta kifurushi cha sangara waliokaushwa, kimeandikwa jina la Mihayo kwa mwandiko wa kwenye ubao. Scola akawapika kwa nyanya na vitunguu. Akauliza wametoka kwa nani, na Mihayo, ambaye hajui kudanganya nyumbani kwake, akamsimulia yote tangu mwanzo. Scola alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwongezea mumewe ugali.

"Na sasa amenenepa?" akauliza.

"Kidogo," Mihayo akasema.

"Basi mwambie siku moja aje na mumewe," Scola akasema, "niwapikie kuku."