Issa Aliponisomea Njia ya Mahurunga

Sikuwa nimekunywa, wala sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo maswali mawili ninayoulizwa kila nikisimulia. Ilikuwa mchana kweupe, jua la saa saba, na usukani niliushika mimi mwenyewe.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa tulikuwa na timu ndogo ya mashindano ya magari pale Mtwara. Gari moja, fundi mmoja, madereva watatu: Issa, Matei na mimi. Issa ndiye aliyetufundisha. Alikuwa anakaa pembeni yako akikusomea njia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea mgonjwa: "Kushoto, kali. Mchanga. Sasa kanyaga." Homa ikamuua kwao Mikindani kabla hajawahi kushindana Dar es Salaam. Nilishuka kaburini mwenyewe kumpokea. Kwa hiyo usiniambie labda hakufa.

Miezi michache baadaye ikapatikana nafasi ya dereva mmoja kwenda Dar. Fundi wetu, Mzee Bakari, akaamua tupimwe: Mtawanya mpaka Mahurunga, upigiwe muhuri na katibu wa kijiji, urudi. Kila mtu peke yake. Matei akaenda, akarudi na muda mzuri ajabu. Gari likaharibika, zamu yangu ikaja wiki mbili baadaye.

Nilipopita kijiji cha Madimba, saa ilionyesha nimeshaushinda muda wa Matei. Vioo viko wazi, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Ndipo nikasikia, upande wa kushoto: "Kulia, ndefu. Usiguse breki." Nikafuata. Niamini, nilikata kona mbili nzima nikimtii kabla sijajiuliza anayesema ni nani.

Nikatupa jicho. Issa. Kavaa shati lake jeupe, halina hata chembe ya vumbi.

Wewe ungefanya nini? Ungeruka, kwa mwendo ule? Nilijaribu kusoma Ayatul Kursi, ikanipotea katikati. Mbele kulikuwa na kilima ninachokijua vizuri. Ukishakivuka ni pori tupu na barabara iliyonyooka. Hapo ndipo Matei alipopatia ule muda wake mzuri. Nikaongeza mwendo.

"Simama," akasema.

"Issa, nitakosa nafasi!" Ndiyo, nilibishana na marehemu.

"Simama, ndugu yangu. Simama sasa."

Hilo "ndugu yangu" ndilo lililonivunja. Nikakanyaga breki, gari likaserereka ubavu ubavu, likazimikia juu ya kilima.

Kule chini pori halikuwapo. Palikuwa na kijiji. Watu walikuwa wamehamishiwa pale siku chache tu nyuma, nyumba bado fito tupu, na barabarani wametapakaa wanawake, wazee na watoto, wanavusha nyasi za kuezekea.

Mama mmoja akatua mzigo wake, akanijia. "Pole, baba. Na mwenzako mbona kashuka bila kufungua mlango? Kaenda wapi?"

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Nikalia. Si kwa hofu. Hofu ilikuwa imeshakwisha. Nililia kwa sababu watu wale walikuwa wanaendelea kupita mbele yangu na nyasi zao, wakitaniana, na mmoja ananilaumu kwa vumbi. Yule mama akaniletea maji ya kunywa. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

Muhuri sikuufuata. Nilirudi polepole, nikamweleza Mzee Bakari. Hakucheka. "Basi Matei aende," akasema. "Wewe nenda Mikindani ukamsomee mwenzako dua." Matei akashindana miaka mingi, na nakiri, kwa udereva alinizidi. Mimi nikaendesha lori la ushirika, nikibeba korosho, mpaka nikastaafu, na sijamgonga mtu. Issa sikumwona tena. Ila hadi leo nikikaribia kilima chochote, mguu unatoka wenyewe kwenye mafuta.

Nawe unayeendesha, iogope zaidi ile njia unayodhani unaijua. Ukisikia sauti inakwambia simama, usiangalie kwanza kama kuna mtu pembeni yako. Simama. Maswali utauliza gari likiwa limetulia.