Waliosimama Nyuma ya Picha ya Baba

Baba aliwania udiwani wa kata yetu mara tatu. Mara ya kwanza alishinda, mara mbili zilizofuata akashindwa. Katika mara hizo zote, ni ya mwisho tu ambayo bado hunijia nikiwa peke yangu, kwa sababu katika hiyo baba hakuwa anatafuta kiti.

Baraza la wilaya alilolitumikia halipo tena. Katiba mpya ililifuta, na wanafunzi wangu huku Embu hushangaa wakisikia kwamba kabla ya wawakilishi wa wadi kulikuwa na madiwani. Baba aliingia barazani miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati baraza lilipokuwa na shule, zahanati na barabara, na diwani akipita njiani watu walimsimamisha kumweleza daraja lililobomoka. Kisha serikali kuu ikayachukua hayo yote. Baraza likabakiwa na masoko, machinjio na leseni za vibanda. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuheshimu vyeo, alimwambia baba mbele ya wageni kwamba amechaguliwa kuwa mlinzi wa choo cha soko. Baba alicheka kuliko wageni.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa karatasi na alama, na alama ya baba ilikuwa ufunguo. Alishindwa vibaya. Juma zima baada ya matokeo, nyumba yetu, iliyo katika nyanda za chini za Imenti Kusini si mbali na Mitunguu, ilijaa watu waliokuja kutoa pole. Kila mmoja aliapa kwamba yeye alitia alama kwenye ufunguo. Walipoondoka, baba alimwambia mama, "Kama wote hawa walinipigia mimi, basi mwenzangu alipigiwa na migomba." Mama alicheka hadi akakaa chini. Wageni wale waliendelea kuja, wakanywa chai yetu, wakaazima majembe yetu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali. Nilikuwa mdogo, na nikawahesabu wote kuwa waongo. Sasa nimezeeka kidogo, na naamini kwamba uongo ule ulikuwa ua uliotutenganisha na jambo baya zaidi.

Mama alifariki nilipokuwa nakaribia kumaliza sekondari. Kaka zangu walikuwa wameoa na kuhamia mijini, nami nikabaki na baba shambani nikingojea nafasi ya chuo cha ualimu. Baba hakuwa mtu wa kulalamika. Alipalilia, alisoma Biblia yake na magazeti ya zamani, na mara nyingine nilimkuta amesimama katikati ya migomba, jembe mkononi, kama aliyesahau kilichomleta. Mtu mmoja tu alikuja kila jioni. Huyu ni baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, ambaye shamba lake lilipakana na letu upande wa chini. Hakubisha hodi. Aliingia jikoni, akajimiminia chai kutoka kwenye birika, akakaa kwenye kigoda na kuanza kusimulia habari za mchana kana kwamba alikuwa ameziachia katikati. Hakuwahi kusema asante, wala hakuna aliyetarajia aseme.

Hapo ndipo ulipotangazwa uchaguzi wa mlolongo. Hapangekuwa na karatasi wala sanduku. Kila mgombea angekuwa na wakala mwenye picha yake uwanjani, na mpiga kura angesimama nyuma ya picha anayoitaka, mchana, mbele ya chifu, mbele ya jirani na mbele ya mtu anayemwogopa. Watu waliunung'unikia kwa sauti ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Baba hakunung'unika. Alikwenda kwenye ofisi ya chama akaandikisha jina.

Tulikuwa tukikata majani makavu ya migomba aliponieleza sababu.

"Mara ile nilidanganywa na watu wote kwa wakati mmoja," alisema. "Safari hii nitaona kwa macho yangu kama nina watu au sina."

Nilisubiri aongeze neno kuhusu soko au ushuru. Hakuongeza. Nilifahamu, ingawa nilikosa ujasiri wa kulisema, kwamba mtu huyu mjane alikuwa anakwenda kuuliza kwenye uwanja wa uchaguzi swali ambalo uchaguzi hauwezi kulijibu.

Diwani aliyekuwepo ndiye aliyeongoza pia kamati ya maji. Mashamba yetu yalitegemea maji ya kunyunyizia yaliyogawanywa kwa zamu, na asiyepata zamu aliiona migomba yake ikiinamisha mikungu kabla haijakomaa. Diwani hakumtisha mtu yeyote. Alisimama tu baada ya ibada, kofia mkononi, akasema kwa upole kwamba mwaka huu maji ni machache na kamati itawakumbuka wanaoikumbuka. Sijawahi kusikia tishio lililovaa nguo safi zaidi.

Shamba la baba mdogo lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mkondo ule. Alikuwa na binti katika shule ya bweni, na karo yake ilitoka kwenye ndizi. Jioni moja hakugusa chai.

"Ondoa jina lako, mwana wa mama," alimwambia baba.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu unanijua."

"Nakujua," baba alijibu, akimsogezea kikombe. "Ndiyo maana wewe ndiye mtu pekee nisiyekuwa na wasiwasi naye."

Baba mdogo alinitazama mimi. Nilikuwa nimemwelewa. Baba hakuwa amemwelewa, au hakutaka. Ndugu yake alikuwa akimwomba asimlazimishe kuwa mwoga hadharani, naye baba alilisikia ombi hilo kama mashaka ya kawaida ya mdogo mtu.

Ilinibidi mimi niwe wakala. Waliombwa wengine, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa wa kumpeleka hospitalini siku hiyo. Picha pekee nzuri ya baba ilikuwa ile aliyopigwa pamoja na mama siku ya harambee ya kanisa, basi mpiga picha wa sokoni akaikuza na kumkata mama. Ila mkono wa mama ulikuwa umeshika kiwiko cha baba, na haukuweza kuondolewa bila kuharibu koti. Ukabaki pale: vidole vitano na pete.

Uwanjani niliishika picha ile kifuani nikiwa nimeutazama umati. Watu husimulia mlolongo kwa upande wa waliosimama wakitazama kisogo cha aliye mbele yao. Mimi nilikuwa upande wa nyuso. Niliwaona wakiingia langoni wakicheka, kisha wakiona picha mbili na kicheko kikikauka. Niliona mama mmoja akifunga upya kamba za viatu vya mwanawe, viatu vilivyokwisha kufungwa, ili apate muda. Mlolongo wa diwani ulirefuka hadi ukapinda kwenye ua. Wetu uliweza kuenea kwenye kivuli cha darasa moja.

Kijana mmoja wa upande wa pili alipaza sauti, "Mlolongo wenu ni mfupi kama mkia wa mbuzi!"

Wa kwanza katika mlolongo wetu alikuwa bibi kizee mmoja aliyeishi kilimani, mahali ambapo maji ya kamati hayakufika na hayangefika.

"Mkia wa mbuzi una mbuzi mbele yake, mjukuu wangu," alimjibu. "Nyinyi mmefuata ndoo."

Pande zote mbili zilicheka, na kwa kitambo kile kidogo tukawa tena watu wa kata moja. Kisha msimamizi akasema kwamba waliosimama katikati wachague upande au waondoke.

Baba mdogo alikuwa katikati. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani, ameishusha hadi kwenye nyusi. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la wagombea, pembeni, nami niliona jinsi alivyojisogeza kidogo kwenye benchi lile, kama mtu anayempisha mwenzake mahali pa kukaa. Baba mdogo aliitazama picha. Nadhani aliutazama ule mkono. Kisha akageuka, akatembea taratibu hadi mwisho wa mlolongo mrefu, pale ulipopinda kwenye ua, akasimama akiwa ametupa mgongo.

Karani alipita akiwagusa watu mabega na kuhesabu kwa sauti. Kwetu hakuhitaji kutembea mbali.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma na picha. Jikoni niliwasha moto nikabandika birika kubwa, lile la wageni, kwa mazoea tu. Hakuja mtu wa kutoa pole. Wangekuja kusema nini? Mara ile ya karatasi kila mmoja alikuwa na uongo wa kubeba mkononi anapoingia kwetu, na sasa walinyang'anywa hata huo. Chai ilichemka ikawa nyeusi.

"Sasa najua," baba alisema.

Nilikuwa na hasira ya ujana, na nilikuwa nimesimama juani na uso wake kifuani mwangu. "Unajua nini, baba? Unajua nani ana shamba kwenye mwisho wa mkondo. Na waliosimama nasi, ni wale ambao maji hayawafikii. Hujajua lingine."

Hakunikemea. Alisema tu nikaimwage chai ile.

Nimeyasoma mengi tangu wakati ule kuhusu sanduku la kura na siri yake. Wenye kuandika husema kwamba siri humlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, na ni kweli. Sijaona aliyeandika kwamba humlinda pia ndugu dhidi ya ndugu. Kuna mambo ambayo watu wanaopendana hawapaswi kulazimishwa kuyaonyesha, maana yakishaonekana hayafunikiki. Baba alitendewa ubaya na wale waliobuni mlolongo, lakini aliuingia kwa hiari yake, akitaka umpimie mapenzi kwa kipimo cha woga. Nalisema hili nikiwa mwanawe, na nikiwa nimempenda.

Majirani hawakumchukia. Laiti wangemchukia, wangepita nyumbani angalau kugomba. Walimwonea haya. Walibadilisha njia ya kwenda mtoni, wakaazima majembe kwingine, na kanisani walimpa mkono upesi huku wakitafuta watoto wao kwa macho. Baba mdogo naye hakukanyaga kwetu. Mvua zilipoanza nilimfuata shambani kwake nikamwambia kwamba kaka yake anakunywa chai peke yake. Alikuwa akitegemeza mgomba kwa mti wenye panda, na hakuacha kazi.

"Ningekuja, mwanangu," alisema. "Lakini nitakaa wapi? Hata nikikaa uso kwa uso naye, ataniona mgongo."

"Hajasema neno baya juu yako."

"Najua. Angesema, ningekuja kumjibu."

Migomba yake mwaka ule ilizaa vizuri.

Nilipata chuo, nikaondoka, nikaanza kufundisha Kiritiri, huku Embu, na baba akabaki katika nyumba ile ya vyumba vinne akiishi katika viwili. Nilipokuwa nikimtembelea nilimkuta anazungumza polepole, kama mtu anayetoa maneno stoo. Hatimaye mlolongo ulipigwa marufuku, vyama vingi vikaruhusiwa, na masanduku yakarudi. Baba hakugombea. Nilisafiri siku ya uchaguzi ili kumsindikiza, maana magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua.

Foleni ya kuingilia chumba cha kura ilikuwa moja, ya watu wote. Tulipofika, mtu wa mwisho alikuwa baba mdogo. Alisikia sauti ya baba akimsalimu mtu mwingine, mabega yake yakapanda. Tukasimama nyuma yake, foleni ikisogea. Baba, ambaye katika maisha yangu yote sikuwahi kumshika katika uongo, ndiye aliyeanza.

"Siku ile ya picha," alisema, "jua lilikuwa machoni pangu. Sikuona nani alisimama wapi."

Baba mdogo aligeuka. Wote watatu tulijua kwamba benchi la wagombea lilikuwa kivulini.

"Lilikuwa jua kali," alisema baba mdogo.

"Kali sana."

Waliingia mmoja baada ya mwingine, wakatoka na wino kwenye vidole. Tuliondoka pamoja hadi njia panda. Baba mdogo akasema atapita kwetu siku moja, naye baba akasema hewala.

Alipita baada ya majuma kadhaa, nikiwa nyumbani kwa likizo. Alisimama nje akabisha hodi. Baba alipomkaribisha, alivua kofia, akachagua kiti cha sebuleni karibu na mlango, akauliza habari za kaka zangu mmoja mmoja kwa majina. Walizungumza kuhusu bei ya ndizi. Nilimletea chai, akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante sana," alisema.

Baba aliinamisha macho kwenye kikombe chake. Kisha akamjibu ndugu yake, kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni, "Karibu."