Mhadhiri wa Muda

Kwa miaka kumi na tisa aliandaa maabara ya kemia ya chuo na kuosha vyombo baada ya vipindi, hadi wanafunzi wakambandika jina la Mama Chupa. Mhadhiri wa kemia alipofariki ghafla katikati ya muhula, mkuu wa idara alimwita ofisini.

"Mama, tushikie darasa la mwaka wa kwanza mpaka tupate mtu."

"Mimi sijasomea ualimu, mkuu."

"Najua. Lakini hakuna anayelijua somo lake kama wewe."

Jumatatu alisimama mbele ya vijana sitini. Aliandika mlinganyo ubaoni huku mkono ukimtetemeka. Binti mmoja wa safu ya mbele akanyoosha kidole.

"Samahani, mama. Upande wa kulia haidrojeni imezidi."

Akahesabu. Kweli ilikuwa imezidi.

"Nimekosea," akasema. "Ubaoni mimi bado mgeni. Sogeeni hapa mezani."

Wakamzunguka. Akafungua koki ya mrija wa kupimia, dawa ya alkali ikaanza kudondoka kwenye chupa ya asidi iliyotiwa kiashiria cha rangi, na mikono yake ikatulia. Akawaeleza taratibu kila tone linafanya nini, mpaka tone moja likageuza asidi yote rangi ya waridi.

"Marehemu ndiye aliyenifundisha kulisubiri tone hili," akasema. Binti yule akainama, akajifuta macho.

Mhadhiri mpya alifika baada ya miezi mitano. Mama Chupa alimkabidhi daftari la mahudhurio, akamtajia wanafunzi watatu waliohitaji kusaidiwa zaidi.