Kasuku wa Himalaya Aliyeoga Sparkhill

Mpaka leo nikipita Stratford Road najificha nyuma ya mwavuli hata kama jua linawaka (na jua la Birmingham mnalijua, huja kama mgeni rasmi), na yote kwa sababu nilikataa kumsikiliza jirani kwa nusu dakika tu.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya kutambua ndege, nina cheti kikubwa kama mlango. Bi Mwanakheri, jirani yetu wa Kizanzibari, alikuwa amepotelewa na kasuku wake Mchicha, kijani kuanzia utosini, na tangu hapo mama wa watu hali akashiba. Jumapili katualika pilau, nusu ya Sparkhill imo sebuleni, mara akaingia Harjit, Singasinga wa Kisumu anayekaa nyumba ya pili, kabeba tundu lililofungwa kwa uzi. Ndani, kasuku mwenye kichwa kijivu.

"Mama, huyu si wako? Nimemtoa kwenye..."

"Harjit, tulia," nikamkata. "Hapa panataka mtaalamu."

Nikasimama, nikahutubia kama bungeni. Asia ina kasuku kadhaa wa kichwa kijivu: aliyepauka ni wa Burma, jike mmoja wa India ana mdomo wa manjano, huyu, kijivu kilichokoza na mdomo mwekundu, ni wa Himalaya, mwenye ncha ya manjano mkiani, hana mjadala!

"Si umesema wa Himalaya ana ncha ya manjano mkiani?" Harjit akauliza. "Mbona siioni?"

"Itaota."

Bi Mwanakheri akanitazama. "Kwa hiyo si Mchicha wangu, mwanangu?"

"Wala hawajuani, Bi Mkubwa."

Akajifuta macho kwa mtandio, akamwambia Harjit ampelekee muuza ndege wa Washwood Heath. Harjit akanyanyua tundu, na wakati huohuo beseni la kunawia mikono likawa linapitishwa. Uzi ukakatika. Kasuku akaruka puu! ndani ya beseni, akaoga kama bwana harusi, maji yakawa meusi kama wino, na kichwa kikaibuka kijani kibichi.

"Mchicha!" Bi Mwanakheri akalia kwa furaha, na kasuku akapanda begani kwake.

"Dohani!" Harjit akapiga kelele. "Nimemtoa kwenye dohani yangu, masizi matupu! Si nilikuwa nakuambia?"

Mchicha akajikung'uta. Masizi yote yakahamia kwenye kanzu yangu nyeupe.

Utaalamu ninao bado, msinichezee, ila nimeapa: simtaji ndege jina kabla sijauliza katoka wapi. Na pilau ya Bi Mwanakheri bado naalikwa, isipokuwa beseni huanzia kwangu.

"Nawa vizuri, Profesa," huniambia, Mchicha begani, "tuione na rangi yako."