Kisu cha Baba Kwenye Kundi la WhatsApp

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Kwetu Nyasura, hapo Bunda, Waislamu ni wachache. Jirani Mkristo akiwa na shughuli humwita baba yangu achinje, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Nimekua nikijua hivyo.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, Butiama, jirani yetu alimrekodi baba akichinja mbuzi wa kipaimara cha mwanawe, akaweka status kwa furaha. Sijui ilisafirije. Jioni niliikuta kwenye kundi letu la wanafunzi wa Kiislamu, imewekwa na admini, kijana ambaye kila asubuhi hututumia aya zenye picha za maua. Chini kaandika: "Mzee anauza dini kwa sherehe za kanisani." Zikafuata emoji za kulia, rundo zima. Kisha, kwa kuwa alijua ni baba yangu, akanifuata inboksi: "Dada yangu, rekodi video fupi ujitenge na hili. Hijabu yako iwe na maana."

Hijabu yangu! Nimeivaa tangu darasa la kwanza, nikitaniwa njia nzima. Yeye alikuwa wapi? Nilimjibu sirekodi kitu. Akanitoa kwenye kundi.

Kumbe video ilishamfikia baba. Nilipokwenda nyumbani nilikuta kisu kimeviringishwa kitambaa, kiko juu ya kabati.

"Wasomi wenzako wamekataa," alisema. "Mimi nilikuwaga najua nafanya kheri."

Nililia kwa hasira.

Siku hizo hizo mwanafunzi mwenzetu, Mkristo wa Guta, alifiwa na mama yake. Kaka yake akaja kwetu. "Shikamoo mzee. Ni wewe tunakuombaga siku zote. Wageni wa chuo wanakuja, na Waislamu wamo."

Baba akaniangalia mimi. Nikapanda kwenye stuli, nikamshushia kisu chake.

Baada ya mazishi nilikuwa napakua chakula. Admini akafika na sahani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyama kachinja nani?"

"Baba yangu," nilisema kwa sauti, mpaka waliokuwa jikoni wakageuka. "Yule yule uliyemweka kwenye kundi."

Akainama. Baba, aliyekuwa nyuma yangu, alininyang'anya upawa akamwongezea mnofu. "Kula, mwanangu. Ni halali."

Mimi ningemnyima hata mchuzi. Alikula, akarudisha sahani tupu. Kwenye kundi hajanirudisha.