Noti Tatu za Cherehani

Kabla mashine ya kukatia karatasi haijamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, wote walimwita Cherehani. Vidole vyake vilikimbia kwenye nyuzi za gitaa hadi jicho likashindwa kuvifuata. Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, jioni akipiga solo katika bendi ya mjomba wake. Alipotoka hospitali, kasi ilikuwa imekwenda, jina likabaki. Kila aliyemwita alikuwa kama anamtonesha kidonda.

Mjomba hakumfukuza. Alimpa manyanga.

"Shika haya kwanza, mpwa wangu. Haraka haraka haina baraka."

Kwa mtu aliyeishi kwa haraka, methali ile ilichoma. Lakini aliyatikisa manyanga miezi mitano bila kununa mbele za watu. Nyumbani ndiko alikonuna, mpaka mkewe, muuguzi asiyezunguka mbuyu, akamkalisha chini.

"Baba watoto, unarudi mazoezini kama mtu aliyetoka kuzika. Kama gitaa limekushinda, liuze. Kama bado, tafuta namna."

Kesho yake alikwenda kwenye duka la vyombo vya muziki vilivyotumika. Akamwonyesha mama mwenye duka ule mkono, akasema anatafuta kitu cha kuipa noti moja uzito wa noti kumi. Mama alifikiri, kisha akapanga kwenye kaunta pedali tatu za ringi modyuleta, visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa.

"Hizi hazina adabu," alimwonya. "Ndani ya kila moja mna mlio wake wenyewe. Ukipiga noti yako, inagongana na mlio huo, zinazaliwa sauti mbili: moja ni jumla yake, nyingine ni tofauti yake. Ile uliyopiga huisikii tena."

Alikanyaga ya kwanza, ikalia kama bati linaloburutwa juu ya saruji. Haikuwa na kitufe cha kuchanganya sauti yake na ya gitaa, kwa hiyo gitaa lenyewe lilimezwa lote. Ya pili ilichanganya vizuri, ila kitufe cha mlio kilikuwa kimelegea, ukikigusa tu kinateleza. Ya tatu ilikuwa imechubuka kuliko zote, lakini vitufe vyake vilikuwa vizito na vilikaa pale ulipoviacha. Akaichukua hiyo.

"Wengi huchagua kwa macho," mama alisema, akimfungia.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mateso kwa nyumba nzima. Mkewe aliuliza kama kuna sufuria zinapigana. Cherehani hakukata tamaa. Alipunguza ukali wa gitaa ili sauti iwe laini, akaulinganisha mlio wa pedali na noti mama ya wimbo, ile ambayo wimbo hurudi kutulia, kisha akaanza kupima noti moja moja. Noti ya nne ilinuna. Ya tano ikafunguka kama kengele, chini yake ikasikika noti mama yenyewe, nzito, ingawa hakuna kidole kilichoigusa. Alipiga tena. Mkewe akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Hiyo," alisema. "Hiyo usiipoteze."

Akamletea rangi yake ya kucha, wakatia kitone pembeni mwa kitufe, kuweka alama ya pale kilipokaa.

Siku ya mazoezi Cherehani aliweka manyanga chini, akachomeka pedali, akajaribu noti moja.

"Gitaa limepata mafua?" mjomba aliuliza, na wapiga tarumbeta wakacheka.

Ilipofika sehemu ya solo, pale alipozoea kumwaga noti thelathini, alipiga tatu. Alizipiga taratibu, akaiacha kila moja ilie mpaka iishe. Mwimbaji, dada aliyekuwa hajawahi kukosea zamu yake, alisahau kuingia. Mpiga ngoma akaendelea peke yake, kisha naye akanyamaza.

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Rudia," alisema. Aliporudia, mjomba akaokota manyanga, akayatikisa mwenyewe.

Cherehani alipiga solo miaka mingi baada ya hapo. Wapiga gitaa wa bendi nyingine walimfuata, wakanunua pedali kama ile, wakaikanyaga tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Aliwasikiliza kwa upole, kisha akawaambia, "Chumvi si mboga." Yeye mwenyewe aliitumia katika nyimbo tatu tu. Nyingine zote alizipiga kwa gitaa tupu, polepole, kwa vidole alivyobaki navyo, na watu waliendelea kumwita Cherehani. Sasa aliitika bila kuumia.